Sideris ni "wetu"

Mwaka wangu wa kwanza Augsburg, Ujerumani, nikitoka zamu ya usiku, nilikuwa nakatiza kando ya Eiskanal nikidhani ni mtaro tu wa maji. Asubuhi moja ya Machi nikaona jamaa kapiga magoti ndani ya mtumbwi mwembamba, kafi moja mkononi, anaupanda mkondo unaotoa povu. Mimi wa Rufiji nikasimama. Kwetu maji yakizidi nguvu unashika pondo. Huyu pondo hana.

Mzee mmoja mwenye mbwa akanieleza. Mtaro huo ulikuwa wa kutoa barafu ya mto Lech isizibe mitambo ya maji, ndipo ukageuzwa uwanja wa mbio za mitumbwi kwa Olimpiki ya 1972. Fito zinaning'inia mbilimbili, kila jozi ni mlango wa kupita: za kijani unashuka nazo, nyekundu unazipanda. Ukigusa fito, unaongezewa sekunde 2. Ukiruka mlango, sekunde 50, yaani kanunue soseji urudi nyumbani.

"Sideris wetu kakulia hapa," akasema, kifua mbele.

Sideris Tasiadis. Kazaliwa Augsburg 1990, wazazi Wagiriki, na kazi yake ni polisi. London 2012, ana miaka 22, akachukua medali ya fedha nyuma ya Mfaransa Tony Estanguet. Mwaka 2015 mpenzi wake Claudia Bär, naye mwanamichezo wa mitumbwi, akafariki kwa saratani ya damu. Mwaka uliofuata akashindana Rio, akawa wa tano. Watu husema "wa tano tu". Mimi hiyo "tu" siielewi. Tokyo akapata shaba, na 2022 akawa bingwa wa dunia kwenye mtaro huuhuu, mbele ya watu wake.

Basi yule mzee alipomaliza kumsifu Sideris wake, akanigeukia: "Na wewe unatoka wapi?" Nikamwambia mtaa ninaoishi, vituo vitatu vya tramu kutoka pale. Akacheka. "Hapana, kwenu hasa."

Mwanangu kazaliwa hapa, ana miaka minane, na sasa anautaka mtumbwi. Nikaenda kumwandikisha klabu, kijana wa pale akaniuliza kama mtoto anajua kuogelea.

Hajui. Babu yake alivuka Rufiji mafuriko yakiwa juu, na mimi Jumamosi natoa yuro mtoto afundishwe kuogelea kwenye bwawa la maji ya moto. Mama huko nyumbani sijamwambia.