Tope la Ziwa Lisilo na Maji

Dada yangu alimwandikia mama ujumbe mfupi: "Kaka na shemeji wamekwenda Mungo, kule simu hazishiki, msiwe na wasiwasi." Mama, ambaye miwani yake ilikuwa imekaliwa na mjukuu wiki hiyo, alisoma Mungu. Kwa muda wa saa nzima nyumbani Moshi kulikuwa na msiba. Majirani walikuwa wameshaanza kuulizana nani ana turubai, ndipo dada alipopiga simu na kueleza kwamba Mungo ni ziwa, liko Australia, na halijaona maji kwa zaidi ya miaka elfu kumi.

"Ziwa lisilo na maji wamelifuata la nini?" mama akauliza. Swali zuri. Nilijiuliza hilo hilo siku iliyofuata, nikiwa nimezama tope hadi magotini.

Melbourne hadi Mildura ni kilometa kama 540, na sina la kusimulia isipokuwa bei. Kahawa moja dola sita. Mkate wenye yai dola kumi na tatu, na yai lenyewe halikuiva. Shemeji, ambaye ameishi huko miaka tisa akihudumia wazee katika nyumba yao ya kulelewa, alinikataza kugeuza bei kuwa shilingi. "Ukigeuza, hutakula," alisema. Niligeuza, na kweli sikula.

Gari tulikodi Melbourne, dogo, jeupe, linanukia upya. Mkataba ulikuja kwenye simu, kurasa sijui ngapi, shemeji akasaini kwa kidole huku akiongea na mimi. Kifungu kinachokataza kulipitisha gari kwenye barabara isiyo na lami tulikuja kukisoma baadaye, kwa utulivu, tukiwa na muda mwingi wa kusoma. Kutoka Mildura kwenda Mungo ni kilometa 110 hivi, na kipande kirefu ni vumbi.

Kilichonipeleka ni mtu mmoja. Mwaka 1968 mtaalamu wa miamba anayeitwa Jim Bowler alikuwa akizunguka maziwa makavu ya Willandra akitafuta habari za mvua za kale. Hakuwa na shughuli na watu. Ziwa kwake lilikuwa kipimo: likijaa, nchi ilikuwa na maji, likikauka, upepo uliinua mchanga na kuulundika upande wa mashariki, na katika matabaka ya lundo hilo unasoma hali ya hewa kama unavyosoma daftari. Humo humo akaona mifupa iliyoungua. Mwaka uliofuata akaja na wanaakiolojia kuitazama, na mifupa ikaondoka Mungo ndani ya sanduku la nguo la mmoja wao. Ilikuwa ya mwanamke, aliyechomwa na kuzikwa kwa taratibu za mazishi. Mwaka 1974 Bowler akamwona na mwanamume, kalazwa chali, mikono imekutanishwa mapajani, amenyunyiziwa udongo mwekundu ambao haupatikani pale karibu. Umri wao ni miaka kama 42,000. Nimefundisha jiografia miaka 22, na habari hiyo niliwahi kuisoma, nikaiweka moyoni. Sasa nilitaka kuona.

Hakuna cha kuona. Hilo nililigundua baada ya kulipa. Kwenye tuta lenyewe, ambalo huitwa Ukuta wa China, huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na mwongozaji analipiwa. Pesa niliyotoa ingenipeleka Dar na kunirudisha Moshi kwa basi zuri. Nikatazamia basi angalau kioo, taa, na mfupa ndani yake. Mwongozaji wetu, askari wa hifadhi na mwenyeji wa pale, mtu mpole mwenye kofia pana na ndevu zenye mvi, alitusimamisha juu ya mchanga na kusema kwa upole kwamba Bibi na Babu hawaonyeshwi. Walishazikwa.

"Wapi?" nikauliza.

Akatazama upeo wote wa macho, kutoka kushoto hadi kulia, akanyamaza.

Basi nilinuna. Sifichi. Nyayo za kale pia, zile zilizogunduliwa mwaka 2003 na binti wa wenyeji wa pale, zaidi ya 400, zenye umri wa miaka kama 20,000, zimefukiwa tena kwa mchanga ili zisiharibike. Unaonyeshwa mfano wake tu. Nikamnong'oneza shemeji kwa Kiswahili kwamba tumelipa nauli ya Dar kuja kuonyeshwa mahali ambapo vitu havipo.

Mwongozaji hakujua Kiswahili, lakini kununa hakuhitaji mkalimani. Akanisogelea, akauliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akacheka. "Ndugu," akasema, "na zenu za Laetoli je, ziko wazi?"

Alinipata. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6, ziko nchini kwangu, zilifukuliwa mwaka 1978, zikafukiwa tena kwa sababu ile ile. Ni mwendo wa siku moja kutoka Moshi. Nimewaambia wanafunzi habari zake kila mwaka, na mimi mwenyewe sijawahi kufika hata kwenye geti la Ngorongoro kwa fedha yangu.

Kuanzia hapo nikaanza kutazama chini. Akatuonyesha doa jeusi kwenye mchanga, la ukubwa wa sinia, na vidonge vya udongo uliookwa. Jiko la mtu. Hakuligusa, alilielekeza kwa kidevu. Kisha akasema jambo ambalo bado linanitembea kichwani. Udongo ukiokwa kisha ukapoa hubaki na kumbukumbu ya wapi kaskazini ya sumaku ilikuwa siku ile. Watafiti walipopima majiko ya Mungo, miaka ya sabini mwanzoni, wakakuta mengine ya kama miaka 30,000 iliyopita yanaelekeza kaskazini mahali pasipo pake kabisa. Sumaku ya dunia ilikuwa imeyumba, na ushahidi ukabaki jikoni kwa mtu aliyekuwa akichoma samaki wake wala hana habari.

Samaki nao wana maneno yao. Mfupa mdogo wa sikio la samaki hukua kwa pete, kama mti, na kila pete hunywa kemikali za maji ya wakati ule. Mwenye mashine anaweza kusema kama samaki alivuliwa ziwa likiwa limejaa au likiwa linakauka na chumvi inapanda. Mchanga pia. Chembe iliyofukiwa hujikusanyia nguvu kidogo kidogo kutoka kwenye mionzi ya udongo unaoizunguka, na ikipigwa na jua hupoteza yote na kuanza upya. Kwa hiyo wataalamu huichimbua bila kuionyesha mwanga, wanaipima kwenye chumba chenye taa hafifu nyekundu, na chembe inataja mara ya mwisho ilipoona jua. Ndivyo umri wa kaburi la yule Babu ulivyokubaliwa.

Na zile nyayo? Wanasayansi walizipima, wakapiga hesabu za urefu na mwendo. Lakini mahali fulani palikuwa na mguu wa kulia tu, wa kulia, wa kulia. Ndipo wakaitwa Wapintupi, wasoma nyayo kutoka jangwa la katikati ya bara. Wao wakatazama, wakasema huyu ni mtu wa mguu mmoja, anaruka, na anakwenda kasi. Nilipenda hilo kupita mashine zote.

Kisha wingu likaja.

Mwongozaji alishatuonya kwamba mvua ikinyesha barabara hufungwa, na gari kama letu lisijaribu. Shemeji akapiga hesabu: kesho usiku ana zamu, na mwajiri wake hana huruma. Tuondoke sasa, tutaitangulia mvua. Sikubisha. Hilo nalo ni kosa langu, maana mimi ndiye mkubwa, na tena mimi ndiye mtu wa jiografia.

Mvua ilitukuta kwenye kilometa ya ishirini hivi. Haikuwa kubwa. Kwetu ingeitwa manyunyu. Lakini ule udongo! Ulibadilika kwa dakika kumi: kwanza ukawa sabuni, gari likaanza kutembea ubavu kama kaa, halafu ukawa ugali wa mtama, ukajaza matairi hadi yakawa duara laini lisilo na meno. Tukazunguka nusu mduara taratibu kabisa, kama watu wanaogeuza gari ukumbini, tukaingia mtaroni. Nikashuka kusukuma kwa viatu vya ibada. Kiatu cha kushoto kilibaki chini. Mguu ulitoka peke yake. Shemeji akaweka mazulia ya gari chini ya matairi, matairi yakayala mazulia. Tukakata vijiti. Tukaomba. Giza likaingia, baridi ile ya mwezi wa saba wao ambayo haina adabu, na simu kweli hazikushika. Hapo ndipo tuliposoma mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa, kwa taa ya ndani.

"Kifungu cha kumi na tisa," shemeji akasema, akanyamaza kwa muda mrefu.

Mwongozaji alitufuata saa mbili usiku na gari lake kubwa, kwa kuwa, alisema, alimwona shemeji akitazama saa. Akatuvuta kwa mnyororo hadi hifadhini. Hakutuhubiria. Tulilala kwenye vyumba vya zamani vya wakata manyoya ya kondoo, tukakaa siku mbili tukingoja barabara ikauke, tukila maharage ya kopo.

Jioni ya pili alikuja kuota moto nasi, nikamuuliza vizuri safari hii. Akasimulia jinsi Bibi alivyorudishwa mwaka 1992, akawekwa kwenye kasha la chuma lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa wazee wa makabila matatu ya pale, Wabarkindji, Wamutthi Mutthi na Wangiyampaa, mwingine kwa wanasayansi. Hakuna anayefungua bila mwenzake. Babu naye alichukuliwa, akabaki Canberra zaidi ya miaka 40. Mwaka 2017 akaletwa ndani ya gari la maiti la zamani, kwenye jeneza la mti uliolala ardhini maelfu ya miaka, watu wakijipanga njiani kumpokea. Mwaka 2022 wakazikwa. Si wote waliofurahi. Kuna wataalamu waliolia kwamba elimu imefukiwa pamoja nao. Na kati ya wenyeji wapo waliotaka pajengwe mahali pa kuwahifadhi, wakalalamika kwamba hawakushirikishwa. Yeye mwenyewe upande gani? Akasukuma kuni, akasema kuni za pale zinatoa moshi sana.

Nikamweleza kwetu. Kwamba Mchaga akifia Dar, au Mwanza, au hata Melbourne, michango itapigwa hadi afike kihambani, chini ya migomba ya baba yake, na anayezikwa ugenini husemwa vizazi viwili. Na kwamba Mangi Meli, chifu wetu wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900, kichwa chake inasemekana kilipelekwa kwao, na wajukuu wamekitafuta maisha yao yote. Mwaka 2023 Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu kadhaa vimelingana na vya watu walio hai Tanzania. La Meli bado linatafutwa.

Akauliza mti alionyongewa bado upo? Nikasema watu huonyeshana mahali. Akatikisa kichwa muda mrefu. Shemeji akaongeza kuni.

Barabara ilifunguliwa asubuhi ya siku ya tatu. Kampuni ya magari ilitutoza usafishaji, mazulia manne, na faini ya kile kifungu. Jumla sitaiandika hapa kwa sababu dada anasoma. Zamu ya shemeji ilikatwa mshahara. Kiatu changu kiko kule, na akija mtaalamu baada ya miaka elfu kumi na kukikuta ni cha kushoto peke yake, naomba wasimwite Mpintupi.

Mama alipiga simu jioni ile ile, miwani mipya machoni.

"Sasa huyo mtu wa huko mliyemfuata, mmemwona?"

"Hatukumwona, mama. Alishazikwa."

"Kwao?"

"Kwao."

"Basi vizuri," akasema. "Mpe simu dada yako, nasikia amekonda."