Vijiko vya bibi na mrashi nilioufuta nakshi

Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliacha vijiko sita vya fedha vya kukorogea chai, na mrashi mmoja wa fedha, kile chombo cha kunyunyizia marashi. Mama alivikuta chini ya sanduku, vijiko vimefungwa pamoja kwa mpira, ule mwembamba wa kufungia noti. Nilipoukata, kila mpini ulikuwa na mstari mweusi tititi pale mpira ulipokaa, kama umepigwa wino. Kwengine kote vilikuwa na rangi ya chai kavu iliyolala.

Mpira una salfa, na salfa ndiyo inayoitia fedha weusi. Si kutu kama ya chuma. Hata hewa ina salfa kidogo, na unyevu wetu wa pwani huuharakisha weusi huo. Yai nalo lina salfa, ndiyo maana bibi hakukubali mtu ale yai la kuchemsha kwa vijiko vyake. Utotoni nilidhani anavionea choyo tu.

Nilianza na ndimu na chumvi, maana ndivyo tunavyosugua sinia za shaba. Shaba ikipata ndimu hung'aa palepale. Fedha haikushtuka hata kidogo, weusi wake hauyeyuki kwa ndimu. Jirani akaniambia dawa ya meno. Nikajaribu mgongoni mwa kijiko kimoja, nikakitazama juani: mikwaruzo midogo midogo kila upande. Fedha ni laini, na dawa ya meno ina unga wa kusugulia ndani yake. Majivu ni hivyo hivyo. Nakuombeni sana, msivitumie kwenye vyombo vya wazee wenu.

Kilichofaa ni sufuria. Watu husema tandika karatasi ya foili kwenye beseni, na ni kweli inafaa, lakini sufuria zetu nyingi ni aluminiamu ile ile. Nilichukua kuukuu, nikaisugua chini kwa stiliwaya mpaka ikawa nyeupe, nikavilaza vijiko humo kila kimoja kikigusa chuma cha sufuria. Visipogusa, hakuna kitu. Lita moja ya maji yaliyotoka kuchemka, kijiko kikubwa kimoja cha soda ya kuokea (siyo hamira), na kijiko cha chai cha chumvi. Maji yakaanza kutoa povu dogo, kisha ikapanda harufu ya yai viza, mpaka mama akauliza kutoka ukumbini kimeoza nini jikoni. Hiyo ndiyo salfa inayotoka. Ndani ya dakika tatu ile mistari ya mpira ilikuwa inafifia nikiiangalia kwa macho yangu.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba hapa fedha haipotei. Ukisugua kwa dawa za dukani, unakwangua weusi pamoja na fedha iliyoshikamana nao, na kila mwaka kijiko kinapungua. Kwenye sufuria, aluminiamu inaichukua salfa na fedha inabaki kijikoni. Inatoka imefifia kidogo, basi suuza kwa maji baridi, usiache chumvi hata chembe, ukaushe, ufute kwa kipande cha kanga kilichochakaa mpaka kiwe laini. Sufuria itabaki na madoa, kwa hiyo usitumie ile ya wali. Visu vyenye mpini uliogundishwa kwa gundi usivitie, maji ya moto huiachisha.

Kwa furaha ile nikautumbukiza na mrashi.

Ukatoka mweupe mtupu. Tumbo lake lote lina nakshi ya maua na majani, na sikuyaona tena mpaka niugeuze kwenye mwanga. Mama aliushika, akaupitisha kidole gumba taratibu kama mtu anayetafuta uso wa mtu anayemjua. Akasema, "Mwanangu, mbona umeunyoa?" Sikulala vizuri usiku ule.

Kesho yake niliupeleka kwa sonara mmoja wa Mji Mkongwe. Akanieleza kwamba weusi ulio ndani ya mifereji ndio kivuli cha nakshi, na mafundi wa zamani waliuacha makusudi. Akanionesha pia kwamba vijiko vina muhuri wa 925, yaani katika sehemu 1000 fedha ni 925, ila mrashi hauna muhuri wowote. Masonara wa kwetu na wa Omani waliyeyusha sana reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za zamani, zile zenye mwaka 1780, ambazo fedha yake ni 833 tu katika 1000. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni shaba, na shaba inafanya chombo kiingie weusi upesi. Nikamuuliza kama naweza kuurudisha mwenyewe. Akanijibu neno moja: "Yai."

Nilichemsha mayai mawili mpaka viini vikakauka, nikayapasua yangali moto, nikayaweka kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko. Mrashi nikausimamisha pembeni juu ya kisosi, bila kuligusa yai, nikafunika. Baada ya saa moja ulikuwa na rangi ya asali. Asubuhi ulikuwa wa kahawia iliyokolea, umetisha kuutazama. Nikachovya ncha ya kitambaa kwenye soda iliyolowekwa kidogo, nikafuta migongo ya maua tu, ua moja baada ya jingine, nikiiacha mifereji. Ilinichukua mchana mzima. Jani la kwanza lilipojitokeza nililia.

Sasa vijiko viko ndani ya kitambaa cheupe cha pamba, bila mpira. Mrashi naufuta kwa mkono tu, kichwa chake chenye vitundu nakifungua na kukikausha kila ukishatumika. Kwenye maulidi ya mwezi uliopita mama ndiye aliyezunguka nao akiwanyunyizia wageni. Alipofika kwangu alinimwagia mara tatu.