Ninavyoweka kumbukumbu za mizimu nikitembelea Mlambalasi na Kalenga

Wakuu habari zenu, mimi ni mtu wa Iringa na tangu mdogo nikifika sehemu zenye historia nzito mwili unasisimka, nasikia kabisa kwamba hapa kuna watu. Shida ilikua kesho yake yote yanachanganyikana na stori nilizopewa, ndo nikajiwekea utaratibu.

Cha kwanza naandika KABLA sijaongea na mwenyeji yeyote kuhusu eneo, namsalimia tu kamwene (salamu ya Kihehe), naomba ruhusa ya kukaa, basi. Daftarini naweka saa, upepo, jua au mawingu, nimekaa wapi na nimesikia nini na mwilini wapi. Simu naitoa hewani nairekodisha sauti ikiwa imelala juu ya kanga, usiishike mkononi jamani maana kidole kikigusa tu baadae unasikia mkwaruzo unadhani ni mtu anaongea. Na lile nililokua nalijua tayari naliandikia pembeni NAJUA, hilo silihesabu sana.

Mfano Kalenga pale kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, shingo ilikua nzito mpaka nikakaa chini, lakini nani Iringa hajui kwamba Wajerumani walilichukua na likarudi 1954? Nikaandika NAJUA.

Mlambalasi ndo palinipa uhakika. Kaburini kwa Mkwawa, huko alikojipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, nilisikia huzuni, hiyo nayo NAJUA. Ila nilipopanda kukaa chini ya ule mwamba mkubwa huzuni ikakata, nikasikia watu wengi, watulivu, kama wamekaa tu kwao hawana habari na vita, na harufu ya moshi wakati hakuna moto popote. Nikaandika hivo hivo, "wengi, wa zamani sana, sio wa Mkwawa", nikaweka na saa. Baada ya hapo ndo nikamuuliza mzee mmoja mwenyeji, akasema hapo chini ya mwamba wataalam walichimba wakakuta mifupa ya watu, na kweli nilivyofuatilia ni mifupa ya zaidi ya miaka 10,000. Hilo nilikua silijui kabisa! Nililia kidogo siwafichi, mtu amelala hapo miaka yote hiyo na bado anajulisha kwamba yupo.

Rekodi nazisikiliza siku hiyo hiyo na spika za masikio, nikikumbuka sauti ni ya ndege au jani nafuta, isiyo na maelezo naiacha na saa yake. Picha za kaburi sipigi bila kuuliza, wale ni wazee wetu.

Lugalo, Wahehe walipopigana na Wajerumani Agosti 1891, simu haifai maana mnara wa kumbukumbu uko kandokando ya barabara kuu malori yanapita muda wote, pale naenda na daftari tu na nafika alfajiri.