Siku moja maishani mwangu: albamu ya kwanza, chumba kimoja

Saa 1 asubuhi. Gitaa lina nyuzi za juzi. Nyuzi mpya kabisa hulegea kila wimbo, na studio tunalipia kwa saa. Nabeba nyuzi za akiba, jeki mbili za gitaa, natoka.

Saa 3. Chumba ni kimoja kwa wote watatu: mimi na gitaa, mpiga besi, mpiga dramu. Maikrofoni karibu zote zimemezwa na dramu, na amplifaya yangu inahamishiwa chooni, mlango unafungwa. Msicheke. Besi ya mbao ina sauti ya upole, kwa hiyo maikrofoni yake inafunguliwa sana na kudaka kila kilichomo chumbani. Gitaa likishavujia humo, halitoki tena. Mpiga dramu naye anaweka vijiti chini, anashika brashi apunguze kelele.

Saa 4. Taa za tyubu zinavuma ndani ya gitaa. Tunazizima, tunapiga gizagiza.

Saa 5. Kazi yenyewe. Nyimbo zote ni zangu, maana kutoa wimbo wa mtu mwingine kunadai leseni na bajeti haina nafasi hiyo. Ugumu wa trio hii, bendi ya watu watatu, ni kwamba nikiingia kwenye solo, hakuna anayenishikia kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Mpiga gitaa wa jazi Wes Montgomery, kwenye rekodi zake za trio za 1959, alikuwa na ogani nyuma yake. Mimi nina besi. Basi napiga noti chache, na katikati ya sentensi naingiza noti mbili tu za kodi, ya tatu na ya saba kuhesabu kutoka mzizi, noti ya msingi. Mzizi wenyewe anautaja mpiga besi. Ukijaza kila upenyo, trio inasikika maskini zaidi. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Saa 8 mchana tunakula haraka.

Saa 9. Wimbo wa taratibu. Mpiga besi anapiga solo tamu kuliko zote, na katikati yake kiti cha dramu kinalia *kwii*. Fundi mitambo anapendekeza tukate kipande kutoka kwenye rekodi ya kabla yake. Haishonani: hatukutumia metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, na ile ya kwanza ilikwenda polepole kidogo.

“Kaka, iache,” anasema mpiga besi. Tunaiacha. Mimi ningeiacha hata kama ingeshonana.

Saa 12 jioni. Fundi ananakili mafaili kwenye diski mbili. Kumiksi, yaani kusawazisha sauti za ala, kutasubiri hela. Mpiga dramu anafungua vifaa vyake na kudai kiti kiandikwe kwenye jalada, pamoja na wanamuziki.