Kikombe kimetoka kimepauka: naanza na karatasi iliyokwisha kutumika

Ukihamisha picha kutoka karatasi hadi kwenye kikombe kwa mashine ya joto ya sablimesheni, na picha ikitoka imepauka, wengi hukimbilia kuongeza joto. Mimi huanza na karatasi ya picha niliyoibandua kwenye kikombe. Naitandaza mezani upande wa wino ukiwa juu, kando ya kikombe chenyewe, nalinganisha. Karatasi ikiwa bado imeshiba wino, picha ikionekana karibu kama ilivyokuwa kabla ya kubanwa, basi rangi haikuhama: tatizo ni joto, muda au mbano, yaani jinsi mashine inavyokikumbatia kikombe. Karatasi ikiwa imebaki na kivuli hafifu na kikombe nacho kimepauka, kilichokuwepo kimehama. Ama wino ulikuwa mchache tangu kwenye printa, ama kikombe hakikuupokea. Hapo kuongeza joto ni kuunguza rangi bure.

Wino wa sablimesheni ukipashwa joto hugeuka mvuke moja kwa moja, na mvuke huo huzama ndani ya tabaka la poliesta lililopakwa juu ya kikombe. Kauri tupu haishiki kitu. Ndiyo maana pia picha kwenye karatasi, kabla ya kubanwa, huonekana imefubaa. Hiyo ni kawaida, isikutishe.

Tuseme karatasi imerudi na wino mwingi. Natazama umebaki wapi. Ukibaki karibu na kishikio au kwenye ukingo wa juu na wa chini peke yake, ni mbano. Mkanda wa hita, ule unaokizunguka kikombe ndani ya mashine, haufiki vizuri karibu na kishikio, na vikombe vingi huwa vyembamba kidogo kuelekea kitako. Mashine ikiwa imepoa na imezimwa, naweka kikombe, napenyeza kipande chembamba cha karatasi kati yake na mkanda, nafunga, kisha navuta. Kinatakiwa kigome. Narudia juu, chini na pande zote mbili za kishikio. Kikichomoka kwa urahisi sehemu moja tu, nakaza skrubu ya mbano kidogo na kupima tena. Mkanda uliokakamaa au uliobonyea mahali pamoja hautengenezwi kwa kukaza, unabadilishwa. Na picha siisogezi hadi kwenye kishikio, naacha sentimita 1 hadi 2 kila upande.

Wino ukibaki sawasawa karatasi nzima, ni joto au muda. Namba inayosomeka kwenye mashine ni joto la mkanda mahali ilipo sensa, yaani kihisi cha joto. Uso wa kikombe unaweza kuwa chini kwa nyuzi 15 au 20, kwa sababu kauri baridi hunyonya joto mara inapoingia. Kwa hiyo sekunde nahesabu kuanzia pale joto linaporudi kwenye kiwango nilichoweka. Kwa kikombe cha kawaida cha aunsi 11 naanzia nyuzi 185 za Selsiasi na sekunde 170. Pasipotosha naongeza sekunde 15 kwanza. Joto naligusa baadaye, nyuzi 5 kwa mara. Kipimo cha kuaminika ni waya wa kupimia joto unaokuja na baadhi ya multimita (vifaa vya kupimia umeme), ncha yake ikibanwa kati ya kikombe na mkanda.

Umeme wetu nao una mkono hapa, na watu hawaushuku. Nguvu ya hita hushuka kwa kasi kuliko volti: mkanda uliotengenezwa kwa volti 230, ukipata 200, hupoteza karibu robo ya nguvu yake. Joto litapanda hatimaye, lakini polepole, na kama saa ya mashine imeshaanza kuhesabu, kikombe kinatoka kibichi. Pima volti kwenye soketi mashine ikiwa inachemka, wala usiiunganishe na waya mwembamba wa ekstensheni pamoja na pasi.

Dalili za kupitiliza ni tofauti kabisa: nyeusi inageuka kahawia, kingo za herufi zinavuja, karatasi inakuwa ya rangi ya chai. Ukiona hayo, punguza.

Sasa upande wa pili, karatasi iliyobaki na kivuli hafifu na kikombe kilichopauka. Kwenye printa nachagua karatasi ya mati (isiyong'aa), ubora wa juu, na nazima uchapaji wa kasi. Ukiacha “karatasi ya kawaida” printa humwaga wino kidogo. Hakikisha pia umechapa upande uliopakwa dawa, ule mweupe zaidi, na picha imegeuzwa kama kwenye kioo. Halafu chapa ukurasa wa kupima matundu ya wino kila kabla ya kazi. Njano ndiyo inayojificha, mistari yake iliyokatika haionekani vizuri kwenye karatasi nyeupe. Itazame kupitia plastiki ya buluu inayopitisha mwanga, itaonekana nyeusi. Njano ikikosekana, nyekundu inatoka ya waridi na kijani kinakimbilia buluu, na mteja atakwambia tu kwamba picha imefifia.

Madoa ya mawingu, yaani kupauka hapa na pale bila mpangilio, ni unyevu au mafuta ya vidole. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar karatasi hunyonya unyevu hata ikiwa kabatini. Naihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, na baada ya kuchapa naiacha ikauke dakika 5 hadi 10. Kikombe nakifuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha nafunga karatasi kwa tepu inayostahimili joto, imekazwa hadi haichezi. Mashine ikifunguka naibandua karatasi papo hapo, maana kikombe bado kina joto la kuendelea kusukuma rangi.

Yote yakiwa sawa na bado pamepauka, shaka inabaki kwa kikombe. Tabaka la poliesta hutofautiana kutoka katoni hadi katoni. Kabla ya kuanza oda nachukua kikombe kimoja cha katoni mpya, nachapa ukanda wenye nyeusi, rangi tatu za msingi, kijivu cha ngazi ngazi na rangi ya ngozi, kisha nakisugua kwa sponji na sabuni. Tabaka dhaifu hujionyesha kwenye kijivu kwanza. Katoni ya namna hiyo nairudisha dukani ikiwa bado imejaa, kabla sijachukua malipo ya awali ya mteja.