Anampenda nani sasa?

Jumamosi niko saluni nimesukwa nusu kichwa, simu mkononi, nahangaika na kashairi ka mistari miwili tu ka Catullus, yule kijana wa Verona aliyekuwa anaandika Kilatini huko Roma zaidi ya miaka 2000 iliyopita, vitabuni kanaitwa namba 85. Kanaanza Odi et amo (siyo hodi ya mlangoni jamani), nachukia na napenda. Nikakaweka kwa Kiswahili hivi:

Nachukia na napenda. Labda utauliza kwanini nafanya hivyo?
Sijui, ila nahisi inatokea na nateswa.

Nikamsomea dada anayenisuka. Akasimamisha mikono. "Anampenda nani sasa?"

Weee! Nilishakasoma kama mara kumi na hilo sikuliona. Kwetu ukiongelea mapenzi unamchomeka mtu katikati ya kitenzi, nampenda, nakupenda, ukimtoa sentensi inabaki inaning'inia na msikilizaji anakusubiri umalizie. Na Catullus naye hajamtaja mtu. Lesbia anayemwimba kwenye mashairi mengine hapa hayupo, hakuna macho wala midomo, yaani hata nomino moja hakuna, ni vitenzi 8 ndani ya maneno 14 basi. Nikahesabu na yangu nikakuta 14, vitenzi 8 vile vile! (Walimu mtasema "kwa nini" ni maneno mawili, haya 15, niacheni na furaha yangu.) Imewezekana kwa sababu Kilatini kama Kiswahili kinambeba mtendaji humo humo, odi neno moja, nachukia neno moja.

Ila kilichonimaliza ni pale kwenye swali anasema faciam, nafanya, kama vile ni kazi kajichagulia, halafu kwenye jibu anageuza, fieri, inatokea tu yenyewe. Neno la mwisho excrucior liko kauli ya kutendwa kabisa na ndani yake kuna crux, msalaba. Kaanza yeye ndo anachukia yeye ndo anapenda, kamaliza yeye ndo anateswa, na anateswa na nani hasemi. "Nateswa" yangu imepoa kidogo kwa kweli, msalaba umedondoka njiani.

Nikamweleza dada yote hayo. Akachovya kidole kwenye mafuta, akavuta nywele mpaka machozi yakanilenga.

"Huyo bado hajaachana naye."