Pua ya pili kiwandani

Mwezi wa saba Mufindi baridi huingia kiwandani hata milango ikifungwa, na chai nayo huisikia. Majani yakishanyauka na kukatwa, huachwa yapate hewa mpaka kijani kigeuke rangi ya shaba. Kukiwa na joto, saa moja na kitu inatosha. Kwenye baridi, ukiifuata saa ya ukutani utayapeleka kwenye kikausha yangali mabichi, na yakishapita pale hakuna dawa.

Hapo msimamizi wa zamu hutegemea pua. Harufu ya ubichi inaondoka, inaingia nyingine tamu kama ya tunda lililoiva. Ukichelewa, utamu nao unakwenda zake.

Nilipewa binti kutoka Ludewa nimfundishe. Msikivu sana, daftari halimtoki mkononi. Lakini kila mzigo ulipokaribia kuwa tayari alinitazama mimi usoni. Nikiitikia kwa kichwa, anapeleka. Nikaona huyu anasoma uso wangu, hasomi chai. Siku nisipokuwepo je?

Usiku mmoja wa Jumamosi nikamwambia, "Leo sisemi neno. Ukiona tayari, peleka."

"Na nikiharibu, baba?"

"Tutaionja pamoja."

Nilikuwa nimeshakubaliana na meneja kwamba mizigo hiyo iwekwe kando, na hasara ikitokea iandikwe kwenye zamu yangu. Kiwanda hulipa kwa kilo zilizotoka. Kufundisha hakuna mstari wake kwenye karatasi ya mshahara, na hilo naliona si haki mpaka leo.

Mzigo wa kwanza aliuwahisha. Tulipouonja, maji yalikuwa mepesi na ukakasi wa majani mabichi. Wa pili akauogopea, ukapitiliza, chai ikapooza mdomoni. Machozi yakamlengalenga. Kukapambazuka, wa tatu bado haujawa.

Asubuhi hiyo mwanangu alikuwa anapokea kipaimara. Ningetoka mwisho wa zamu ningewahi misa. Lakini msimamizi aliyeingia alikuwa mtu wa haraka, angemnyang'anya binti kazi mikononi. Nikampigia mke wangu, nikamwambia watangulie.

Binti akachota majani kwenye kiganja, akayanusa, akafumba macho. Hakunigeukia. "Sasa," akasema, akapeleka. Tulipoionja ilikuwa nyekundu, angavu, inaamsha ulimi. Furaha niliyoipata pale sijawahi kuipata kwa kazi niliyoifanya mwenyewe.

Nilifika nyumbani askofu ameshaondoka na wageni wanakula. Mke wangu alinipakulia, akasema kwa upole, "Wa kiwandani umewalea vizuri." Sikuwa na jibu, na sahani ile sikuimaliza.

Mwanangu alikuja kuniuliza akiwa mkubwa kwa nini sikuwepo siku ile, tukiwa wawili njiani kwenda Mafinga. Nikamsimulia baridi, mizigo mitatu, yule binti.

"Aliweza?"

"Aliweza. Sasa ana zamu yake, na anafundisha vijana wawili."

"Mwambie basi Jumapili awaachie waende kwao," akasema.

Nilimpigia simu siku ileile nikamwambia.